Naomba Kuwasilisha

Asubuhi ya siku aliyomtukana baba mkwe wake, Fundi alikuwa amemwamkia vizuri kabisa. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha mzee, akainamisha kichwa kidogo kama alivyozoea, akasema, "Shikamoo, baba. Umeamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeamka salama, isipokuwa goti la kushoto. Naomba kuwasilisha."

Wakacheka wote wawili. Mzee alikuwa mtunza stoo ya dawa kwa miaka thelathini na mmoja, na lugha ya barua za ofisi ilikuwa imemkaa mdomoni hata akawa anamalizia nayo kila kitu: dua ya chakula, malalamiko ya goti, hata kuomba chumvi. Binti yake, mfamasia wa hospitali, alikwisha kuchoka nayo tangu utotoni. Fundi ndiye aliyeipenda. Wakija wageni humchokoza mzee awasilishe jambo, ili nao wacheke.

Saa nne Fundi alikaa mbele ya kompyuta, katika chumba kilichopakana na cha mzee. "Fundi" lilikuwa jina lake la mtandaoni, na lilimfuata mpaka nyumbani. Alikuwa ameanzisha programu ya kufuatilia dawa katika zahanati: nini kimeingia, nini kimetoka, nini muda wake umekwisha. Ilikuwa programu huria, yaani ya bure na ya wote. Mistari ya maagizo yake kwa kompyuta ilianikwa mtandaoni, anayetaka aitumie, anayeona kosa atume rekebisho, na Fundi ndiye aliyeamua lipokelewe au litupwe. Zahanati mia tatu ziliitumia. Waliokuwa wakiitunza ni yeye na mwenzake mmoja wa mbali aliyejiita Kipanga, tena baada ya kazi zao nyingine, na bila malipo.

Tusimwonee, basi. Kazi ilikuwa nyingi na wasumbufu hawakuisha. Kila siku alikuta maombi ya watu wasiosoma maelekezo, wanaouliza kilichojibiwa jana, wanaodai kama wamelipa. Alianza kwa kujibu kwa ufupi, ufupi ukageuka ukali, na ukali ukapata wapenzi. Watu walinakili vijembe vyake wakavisambaza. Kwenye mwongozo wa ukumbi wao wa mtandaoni aliandika kanuni ya kwanza kwa herufi kubwa: USISALIMIE. TAJA KOSA.

Siku hiyo lilimngoja ombi la mtu aliyejiita Debe Tupu. Lilianza hivi: "Habari za kazi, ndugu zangu. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itawakuta wazima. Mimi ni mgeni katika ukumbi huu, na naomba radhi mapema kwa makosa ya ugeni."

Fundi hakuendelea. Alishuka kwenye mistari ya programu, akaona imepinda huku na huku, jicho likaruka hadi mwisho, likakuta "Naomba kuwasilisha." Mtu angedhani hapo angeshtuka. Hakushtuka. Mezani maneno hayo yalikuwa na sauti ya mtu. Kwenye kioo yalikuwa ya karani yeyote. Akaandika:

"Hili ni rekebisho au barua ya posa? Kanuni ya kwanza inasema usisalimie, kwa hiyo hata kusoma hujui. Mistari yako imekaa kama meno ya kikongwe. Debe tupu haliachi kuvuma, na bahati nzuri umejitaja mwenyewe. Umewasilisha, nimetupa."

Akalifunga ombi. Kipanga akatuma nyuso za kucheka, wengine kumi na mmoja wakafuata. Fundi naye alitabasamu, akaenda kuchemsha chai. Alipopita mlangoni kwa mzee aliuliza kama naye angependa kikombe.

"Hapana," mzee alisema. "Ahsante."

* * *

Mzee alikuwa ameketi kitandani, na kompyuta kuukuu ya binti yake ikiwa mapajani. Alisoma jibu mara tatu. Mara ya kwanza alidhani amekosea ombi, hili ni la mtu mwingine. Mara ya pili aliona jina lake. Mara ya tatu alipitisha ulimi kwenye meno yake, akaona aibu kwa kufanya hivyo, ingawa chumbani hakuwamo mtu.

Miezi minane alijifunza peke yake. Alifuata masomo ya bure kwenye simu, akanakili kila kitu katika daftari la shule kwa kalamu ya bluu, vichwa vya habari akavipigia mstari kwa rula. Mwongozo wa ukumbi alikuwa ameunakili wote, kanuni ya kwanza ikiwa ya kwanza. Aliisoma. Ila aliona hawezi kuingia kwa watu bila salamu. Akajisemea kwamba hao ni watu wazima, salamu moja haitawaudhi.

Tangu mke wake afariki alikuwa akiishi kwa binti yake, akila, akilala, akipimwa presha kila jioni, na hakuna alichokifanya ambacho nyumba ingekikosa. Lakini kosa hili alilijua yeye. Alikuwa amemwona binti yake akifanya kazi na programu ile, akaona inavyosoma tarehe. Kopo la dawa likiandikwa mwezi na mwaka tu, bila siku, maana yake dawa ni nzima mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo. Mtunza stoo yeyote anajua. Programu haikujua. Yenyewe iliweka tarehe mosi, ikawasha rangi nyekundu, ikafunga dawa isitolewe, na mwezi mzima wa dawa ukaenda na taka.

Angeweza kumwambia mkwewe mezani. Alifikiria hivyo mara nyingi, kijiko kikiwa mkononi. Lakini unakula kwa mtu, unalala kwa mtu, halafu unamkosoa kazi yake mbele ya mkewe? Mkwe hafanyiwi hivyo. Akaona afadhali apite mlango wa wote, apange foleni kama wengine, kwa jina la utani. Rekebisho likipokelewa, siku hiyo mezani atasema, "Lile Debe Tupu, mwanangu, ni hili hapa." Alikuwa ameshafanya mazoezi ya kulisema.

Akafunga kompyuta, akairudisha kabatini kwa binti yake alikoitoa.

* * *

Kesho yake Fundi alisema, "Shikamoo, baba. Umeamkaje?"

"Marahaba. Salama."

Fundi alingoja kidogo, akaona hakuna kingine, akaenda zake. Ikawa hivyo siku ya pili na ya tatu. Mezani mzee alisema dua fupi, akaishia kwenye amina. Chumvi akawa anainuka kuifuata mwenyewe, na goti lake lile. Alianza kuosha sahani yake na kuifuta, akaiweka kando na nyingine, kama mpangaji.

Mwezi ulipogeuka, siku ya pili yake, alimwita binti yake. Kifaa cha presha kilikuwa bado mkononi.

"Jumamosi ya wiki ijayo nataka kurudi kwangu."

"Kwako wapi, baba?"

"Kwangu. Nyumba ipo."

"Nyumba ipo, ndani yupo nani? Mwaka jana jirani alikukuta sakafuni bafuni. Saa ngapi ulikaa pale? Hukumbuki hata wewe. Na hii presha nani atakupima?"

"Nitajipima."

"Kwani kuna nini? Kuna mtu amekukosea humu ndani?"

"Hakuna aliyenikosea humu ndani," mzee alisema, na alilichagua neno la mwisho kwa uangalifu.

Mfamasia alimlaumu mumewe, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumlaumu. "Umemwambia baba neno gani?"

"Mimi? Mimi namwamkia kila siku kuliko wewe." Na alisema kweli, ndiyo maana aliumia kuulizwa.

* * *

Jumapili walikula mchana wote watatu. Mfamasia alikuwa ametoka zamu na hakuwa na hamu ya chakula.

"Kuna zahanati ya pembezoni imechoma katoni mbili za dawa ya kifafa ya watoto," alisema. "Tarehe mosi asubuhi wameamka, kompyuta imeandika imekwisha, wamechoma. Nimeomba waniletee kopo lililobaki. Limeandikwa mwezi huu. Mwezi huu wenyewe! Ilikuwa na siku thelathini nzima."

"Hawakusoma kopo?" Fundi aliuliza.

"Wanasoma kompyuta. Sisi hospitali huwa tunaandika tarehe nzima kwa mkono, mimi ndiye niliyewazoesha. Wao wanaandika kama kopo lilivyo, mwezi na mwaka. Mama amekwenda na mwanawe, wakamwambia dawa hakuna, rudi kesho kutwa. Mtoto akaanguka njiani. Yuko wodini kwetu, nyusi imepasuka, nyuzi sita. Miaka minne." Alisukuma sahani. "Nilimshika kichwa wakati wanamshona."

Mzee alikuwa akitazama chakula chake. Hakula. Fundi alimtazama, akaweka kijiko chini.

"Kopo likiandikwa mwezi tu," Fundi alisema taratibu, "si ina maana tarehe mosi?"

Mkewe alimshangaa. "Mwisho wa mwezi. Mwulize baba."

Hakuuliza. Aliomba radhi, akaenda chumbani kwake. Alikumbuka, kwa mbali, neno "kopo" kwenye ombi fulani. Alitafuta miongoni mwa yaliyofungwa, akalikuta la tarehe ishirini na mbili. Safari hii alisoma lote. Aya ya tatu ilisema: "Endapo jambo hili halitarekebishwa kabla ya tarehe mosi, nachelea kwamba zipo zahanati zitakazoteketeza dawa nzima, na mgonjwa hatajua kwa nini amerudishwa." Kisha mistari iliyopinda. Kisha: Naomba kuwasilisha.

Sasa alilisikia. Alilisikia kwa sauti ya mzee hasa, na kikohozi kidogo cha kutangulia, na papo hapo akatambua kwamba neno hilo hajalisikia nyumbani humo tangu siku ile. Akasoma jibu lake mwenyewe. Alipofika kwenye meno ya kikongwe alifunika kioo kwa mkono, kama mtu anayemficha mwingine asione, na chumbani alikuwa peke yake.

* * *

"Hodi, baba."

"Karibu."

Mzee alikuwa akikunja mashati. Sanduku lilikuwa wazi, na daftari lake la shule limelala juu ya nguo. Fundi alibaki amesimama, kwa kuwa hakuambiwa aketi.

"Baba, nimekuja kuomba msamaha. Nimekosa sana. Sikujua ni wewe."

Mzee aliendelea na shati mpaka likakaa sawa. "Hilo ndilo linaloniuma, mwanangu. Ungejua ni mimi ungesemaje?"

"Nisingeandika vile."

"Ungesema ahsante baba, hata kama nimeandika upuuzi."

Fundi alijua ndivyo ingekuwa.

"Sasa mimi nikae hapa," mzee alisema, "kila asubuhi naambiwa shikamoo. Nitajuaje ni yangu? Mtu asiyekuwa na binti wa kukuoza, yeye unamwambia umewasilisha nimetupa. Kwa hiyo ile heshima ni ya binti yangu. Mimi naipokea kwa niaba."

"Sivyo, baba."

"Pengine sivyo. Lakini ndivyo ninavyoisikia sasa, na siwezi kujilazimisha kuisikia vingine." Alifunua daftari, akalifunga tena. "Niambie kitu kimoja, na usinionee haya. Ile mistari ilikuwa mibaya kweli?"

Fundi alilitazama daftari. Angeweza kusema ilikuwa mizuri. "Ilikuwa na makosa mawili. Kupinda si kosa, kuna kitufe kinanyoosha. La kwanza ni jina ulilolitumia mara mbili. La pili ni Februari. Umeiandikia siku ishirini na nane tu, mwaka mrefu ukija na siku ya ishirini na tisa, inakosea."

"Februari," mzee alisema. Kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea. "Miaka thelathini na mmoja stoo, nimesahau Februari." Alichukua kalamu, akaandika kwenye daftari, akapiga mstari kwa rula. "Unaona? Yote hayo umeyasema kwa maneno machache, wala hukutaja meno."

Fundi akaanza kulia, na mzee akamwacha alie.

"Binti yangu si lazima ajue," mzee alisema baadaye. "Mimi sitamwambia."

* * *

Jioni ile Fundi alirekebisha tarehe, akaandika kwamba kosa limegunduliwa na Debe Tupu tangu tarehe ishirini na mbili, na kwamba yeye Fundi alilitupa bila kulisoma. Aliomba radhi mbele ya wote. Akafuta kanuni ya kwanza. Kipanga aliuliza kama akaunti yake imeibiwa, akaweka nyuso za kucheka, kisha alipoona hajibiwi akaziondoa moja moja.

Akarudi kwenye maombi yaliyofungwa. Yalikuwa ya miaka mitano, na wengi wa walioyatuma hawakutuma la pili. Aliwaandikia aliowakumbuka. Mmoja, ambaye Fundi aliwahi kumwambia arudi shule, alijibu Jumatano: "Ahsante. Nilidhani ulikuwa sahihi, nikaacha. Sasa nashona nguo. Tafadhali usiniandikie tena." Fundi alimwandikia kwamba amesikia, akafuta kabla ya kutuma, kwa kuwa hata hilo lilikuwa kumwandikia.

Ijumaa mfamasia alimbembeleza baba yake kwa mara ya mwisho, chakula kikiwa mezani. "Niambie tu kosa langu nilirekebishe."

"Huna kosa, mama."

Hapo Fundi alitoa simu. Alisema, "Subiri, nikusomee kitu," akalifungua lile ombi. Alianza na habari za kazi ndugu zangu. Alisoma aya zote, dawa, zahanati, tarehe mosi, mpaka naomba kuwasilisha. Mkewe aligeuka polepole akamtazama baba yake. Kisha Fundi akaanza kusoma jibu. Alifika kwenye meno, akanyamaza.

"Maliza," mzee alisema, bila hasira.

Alimaliza. Mfamasia aliweka mikono juu ya meza.

"Ulipokuwa hujui ni baba," alisema mwishowe, "ulicheka?"

"Nilicheka."

"Na yule mtoto nimekuambia nilimshika kichwa."

"Uliniambia."

Mkewe aliinuka, akaichukua sahani ya baba yake kabla hajaiwahi, akaenda kuiosha yeye. Mzee aliondoka Jumamosi kama alivyopanga. Fundi alimbebea sanduku mpaka kwenye gari, akamfungia mkanda, akamwambia shikamoo baba, na mzee akasema marahaba, akamshika bega. Alimshika vizuri. Lakini gari liliondoka.

* * *

Mfamasia sasa humpigia baba yake kila jioni, ampime presha kwa simu. Mzee humsomea namba, naye hajui kama ni za kweli. Siku ambazo simu inaita mara nyingi kabla ya kupokelewa, hamtazami mumewe, na mumewe hukaa akitazama meza.

Wiki ya sita, saa nne asubuhi, liliingia ombi la Debe Tupu. Fundi aliliona jina. Alilifungua.

"Kosa: mwaka mrefu bado haujapimwa kwenye ripoti ya mwezi. Rekebisho limeambatishwa."

Basi. Mistari ilikuwa imenyooka, jina halikurudiwa, Februari ilikuwa mahali pake. Alitafuta kosa, zaidi kwa mazoea, hakuliona. Alishuka mpaka chini kabisa ya ukurasa, akapanda, akashuka tena. Akalipokea, akaandika ahsante, kisha akapiga simu. Iliita mara nyingi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimepokea rekebisho lako. Halina kosa hata moja."

"Nashukuru."

"Baba, mbona hukusalimia?"

"Si mwongozo ndivyo unavyosema? Usisalimie, taja kosa."

"Niliifuta ile kanuni, baba. Niliifuta siku ile ile."

"Aa," mzee alisema. Zilisikika karatasi za daftari zikifunuliwa upande wa pili. "Mimi ninayo nakala ya zamani."